Kubuni peptidi inayochagua bakteria wa kuua: mwongozo kamili kutoka kando ya Ziwa Victoria

Samaki aina ya sato aliyeletwa mezani kwangu asubuhi ile alikuwa bado anachezesha mashavu. Mfugaji alimbeba kwenye ndoo kutoka kwenye kizimba cha samaki ziwani, tumbo limevimba, madoa mekundu yamejaa chini ya mapezi. "Mwalimu, nimewapa oksitetra siku tano nzima," akaniambia, "wanakufa tu." Tulipootesha kipande cha figo akajitokeza bakteria aitwaye Aeromonas hydrophila, na oksitetrasaiklini, ile antibiotiki ya mfugaji, haikumtikisa. Kilichonisumbua zaidi kilikuwa utumboni. Bakteria tuliozoea kuwakuta kwa wingi kwa sato mzima, hasa jamii ya Bacillus, walikuwa wachache mno. Dawa ilifyeka mazao ikaacha gugu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifundisha vijana hapa Mwanza namna ya kubuni peptidi, na jambo la kwanza ninalowaambia ni hili: kupata peptidi inayoua bakteria si kazi kubwa. Hata sabuni inaua. Kazi ni kupata ile inayomwacha asiyehusika. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inauliza maswali mawili kwa pamoja: nani amekufa, na nani amebaki.

Kwa asiyezijua, peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, mara nyingi kati ya 10 na 50. Viumbe hutengeneza baadhi yake kama kinga dhidi ya bakteria. Hans Boman na wenzake walizieleza sekropini za nondo mwaka 1981. Mwaka 1987 Michael Zasloff akatangaza magainini, alizozikuta kwenye ngozi ya chura wa kucha, Xenopus laevis. Ndugu wa chura huyo, Xenopus victorianus, anaishi huku kwetu na amepewa jina la ziwa letu. Sato mwenyewe anazo peptidi zake, zinaitwa pisidini. Malighafi ya mawazo haiko mbali.

Hatua ya kwanza: wa kufa na wa kubaki

Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Kushoto andika wa kufa, kulia wa kubaki.

Kushoto usiandike "Aeromonas" ukaishia hapo. Andika vielelezo, angalau vitano, kutoka vizimba tofauti na samaki tofauti. Bakteria mmoja aliyezeeka kwenye friji ya maabara atakudanganya, maana amezoea maisha ya raha na mara nyingine amepoteza sehemu ya mavazi yake ya nje. Kulia weka Bacillus subtilis, ambaye watengenezaji wa chakula cha samaki humchanganya makusudi kwa faida ya utumbo, weka bakteria wa asidi ya maziwa, na weka chembe nyekundu za damu ya sato. Ukiweza kupata seli za mashavu, ziongeze.

Wengi hujaza kushoto na kuacha kulia "kwa baadaye". Baadaye hiyo hufika fedha zikiwa zimekwisha. Na ikiwa unalenga ugonjwa wa binadamu, kwa mfano Klebsiella pneumoniae anayeua watoto wachanga, kulia kwako kutakuwa na damu ya binadamu, bakteria wa utumbo wa binadamu, na seli za figo. Za figo usizisahau. Murepavadini ni peptidi iliyobuniwa kwa ustadi mkubwa: inashika protini iitwayo LptD ya Pseudomonas aeruginosa na karibu haiwagusi bakteria wengine. Lakini mwaka 2019 majaribio yake ya hatua ya tatu kwa wagonjwa yalisimamishwa kwa sababu figo ziliumia. Ilichagua vizuri kati ya bakteria, ikashindwa kwenye figo.

Hatua ya pili: tafuta mlango

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo usikimbie.

Bakteria karibu wote wana utando wenye chaji hasi upande wa nje. Wamegawanyika makundi mawili makubwa. Gramu-chanya, kama Bacillus, ana utando mmoja uliofunikwa na ukuta mnene wenye asidi za teikoiki. Gramu-hasi, kama Aeromonas, ana ukuta mwembamba na juu yake utando wa pili uliojaa lipopolisakaridi, yaani molekuli za mafuta na sukari. Seli zetu na za samaki ni tofauti: sura ya nje ya utando wao karibu haina chaji, na ndani yake kuna kolesteroli inayoukaza. Ndiyo maana peptidi yenye chaji chanya huvutwa na bakteria kuliko chembe za damu.

Sasa sikiliza vizuri. Chaji inatenganisha bakteria na seli za mnyama. Haimtenganishi bakteria na bakteria mwenzake. Aeromonas ni hasi, Bacillus naye ni hasi. Nimeona kazi nyingi za wanafunzi zikiongeza lisini, asidi amino yenye chaji chanya, juu ya lisini kwa matumaini kwamba peptidi itakuwa na uchaguzi zaidi, na mwisho wake inaua wote kwa nguvu zaidi. Ukitaka kuchagua kati ya bakteria unahitaji mlango ambao mmoja anao na mwingine hana. Milango inayojulikana vizuri ni hii.

Wa kwanza ni lipopolisakaridi yenyewe. Polimiksini, antibiotiki ya jamii ya peptidi, hushika sehemu yake iitwayo lipidi A, kwa hiyo huwalenga Gramu-hasi. Udhaifu wake ni kwamba bakteria anaweza kuzifunika fosfeti za lipidi A, chaji hasi ikapungua na dawa ikateleza. Jeni ya mcr-1, inayofanya kazi hiyo na kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, iliripotiwa mwaka 2015.

Wa pili ni msafirishaji aliyeko kwenye utando wa ndani wa baadhi ya Gramu-hasi, protini iitwayo SbmA. Peptidi zenye asidi amino ya prolini kwa wingi, kama apidesini ya nyuki iliyoelezwa mwaka 1989, hazipasui utando. Zinabebwa na SbmA hadi ndani, kisha zinakaa kwenye ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, na kuzuia utengenezaji wa protini. Asiye na msafirishaji wa namna hiyo hasumbuki sana. Mlango huu naupenda kuliko yote, kwa sababu peptidi isiyopasua utando kwa kawaida haipasui hata damu.

Wa tatu ni anwani. Unachukua kipande kinachotambuliwa na bakteria mmoja tu, unakiunganisha na kipande kinachoua kwa kiungo kifupi cha glisini. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles walieleza C16G2 kwa mtindo huo: upande mmoja una kipande cha ishara ambayo Streptococcus mutans, bakteria wa kuoza meno, huitumia kuwasiliana na wenzake, na upande mwingine una silaha. Bakteria wa jirani kinywani waliathirika kidogo tu.

Kama adui yako ni Gramu-chanya, upo pia mfano wa nisini, peptidi ambayo hushika lipidi II, malighafi ya ukuta wa bakteria. Gramu-hasi naye ana lipidi II, ila utando wake wa nje unamkinga. Kwa hiyo wakati mwingine kinachochagua ni kizuizi cha asiyelengwa kuliko mlango wa anayelengwa.

Kwa Aeromonas dhidi ya Bacillus, jaribu wa kwanza na wa pili. Lakini usidhani tu kwamba SbmA ipo. Pseudomonas aeruginosa ni Gramu-hasi na hana. Soma jinomu (jeni zote) ya kielelezo chako, au chukua jinomu za spishi hiyo zilizowekwa wazi mtandaoni, utafute jeni yenyewe. Ni kazi ya jioni moja yenye intaneti nzuri, na inaweza kukuokolea mwaka.

Hatua ya tatu: chagua kiolezo na uichore kwa mkono

Usianze na karatasi tupu. Hifadhidata ya APD ya peptidi zinazoua vijidudu, iliyoanzishwa 2003, ina peptidi zaidi ya 3,000, na hifadhidata nyingine, DBAASP, inaeleza pia ni kiasi gani cha kila peptidi kilipasua damu. Chagua violezo, yaani peptidi za kuanzia, viwili au vitatu vinavyolingana na mlango wako.

Kisha chora. Najua kompyuta inachora gurudumu la msokoto, yaani peptidi iliyojisokota ikitazamwa kutoka kichwani, kwa sekunde moja, ila aliyelichora kwa penseli haachi tena kuliona. Tuchukue magainini 2:

GIGKFLHSAKKFGKAFVGEIMNS

Kila herufi ni asidi amino moja. Hesabu herufi, ni 23. Peptidi hii ikigusa utando hujisokota, na katika msokoto wa alfa kila asidi amino inakaa digrii 100 mbele ya iliyotangulia. Namba 1 iko digrii 0, namba 2 iko 100, na kuendelea. Ukipita 360 unatoa 360. Zitafute lisini (K). Namba 4 iko 300. Namba 10 iko 900, toa 360 mara mbili, unabaki na 180. Namba 11 iko 280. Namba 14 iko 220. Zote nne zimekaa kati ya 180 na 300, upande mmoja. Sasa zitafute zinazokimbia maji: I ya 2 iko 100, F ya 5 iko 40, L ya 6 iko 140, F ya 12 iko 20, F ya 16 iko 60, V ya 17 iko 160, I ya 20 iko 100. Zimejipanga upande wa pili. Mnyororo ambao ukiusoma kwa mstari unaonekana umechanganyikana ovyo, ukiusokota unakuwa na mgongo wenye chaji na tumbo la mafuta. Mgongo unavutwa na bakteria, tumbo linazama kwenye utando.

Chaji yenyewe: lisini nne ni +4, glutamati (E) moja ni −1, jumla +3. Mwanzo wa mnyororo ni +1 na mwisho −1, zinafutana. Ukiagiza mwisho wake ufungwe kwa amidi, ile −1 inaondoka na unapata +4 bila kugusa herufi hata moja.

Hatua ya nne: badilisha kidogo kidogo

Kwa kila kiolezo tengeneza kati ya vibadala 8 na 12, na kila kibadala kitofautiane na mwenzake kwa jambo moja. Ukibadilisha mambo matatu kwa mpigo hutajua lipi limefanya nini.

Kwa peptidi za msokoto, anza kwa kulipunguza tumbo la mafuta. Mafuta yakizidi, peptidi inazama hata kwenye utando usio na chaji, yaani damu inapasuka. Melitini ya sumu ya nyuki ndiyo mfano mbaya: asidi amino 26, inaua bakteria vizuri sana, na chembe nyekundu inazipasua vilevile. Kuna mbinu moja ninayoiona nzuri mno, iliyotoka kwenye maabara ya Robert Hodges: walichukua peptidi ya asidi amino 26 wakabadilisha valini moja tu, namba 13, iliyokuwa katikati ya tumbo la mafuta, wakaweka lisini. Uwezo wa kupasua damu ulishuka sana huku uwezo wa kuua bakteria ukibaki. Ni kama kuweka jiwe dogo kwenye unga: msokoto unakatizwa mpaka peptidi ikutane na utando wenye chaji hasi wa kuulazimisha kujisokota. Rudi kwenye gurudumu lako, tafuta katikati ya tumbo, weka lisini hapo, halafu kwenye kibadala kingine iweke pembeni. Linganisha.

Kwa peptidi zenye prolini sheria ni nyingine kabisa. Hapa kinachotakiwa ni kukaa sawasawa ndani ya ribosomu, na kwa apidesini sehemu ya mwisho wa mnyororo ndiyo inayoshika. Usiiguse. Cheza na upande wa mwanzo.

Usitarajie kwamba peptidi yenye nguvu itapita moja kwa moja. Peksiganani, mtoto wa magainini aliyeongezewa lisini hadi tisa, ilifikishwa mbele ya wadhibiti wa dawa wa Marekani kwa vidonda vya miguu vya wenye kisukari, na mwaka 1999 haikuidhinishwa.

Hatua ya tano: kompyuta

Programu zipo na nyingi ni za bure: ProtParam kwa sifa za jumla, HeliQuest kwa gurudumu, PEP-FOLD kwa umbo, na lugha ya Python kwa anayetaka kupima maelfu ya vibadala kwa usiku mmoja. Zitumie kupunguza orodha. Ila kumbuka zimelelewa na nini. Hifadhidata zimejaa peptidi zilizoua, na chache mno zimeandikwa kwamba zilimwacha fulani akiwa hai. Kwa hiyo akili mnemba inajua sana "itaua", na inajua kidogo sana "itamwacha nani". Swali la kulia la karatasi yako litajibiwa mezani.

Hatua ya sita: kuagiza na kupima unga

Peptidi hutengenezwa kwa njia ya Merrifield ya mwaka 1963, asidi amino moja baada ya nyingine juu ya punje za plastiki. Agiza usafi wa asilimia 95 kwenda juu, miligramu 5 zinatosha kuanzia. Agiza pia peptidi moja ya kulinganishia yenye herufi zilezile zilizovurugwa mpangilio.

Sasa jambo linalowaponyoka wengi. Unga unaoletwa si peptidi tupu. Kila chaji chanya imeshikwa na asidi ya trifluoroasetiki iliyotumika kusafisha, na kila molekuli yake ina uzito wa 114. Magainini 2 ina uzito wa karibu 2,467. Lisini nne, histidini moja na mwanzo wa mnyororo ni nafasi sita, kwa hiyo 684 za asidi zinaning'inia juu yake. Gawanya: 684 kwa 3,151 ni karibu asilimia 22. Kabla hata ya kuhesabu unyevu, kila miligramu unayopima ina peptidi kama 0.78 tu. Usiporekebisha, namba zako zote zitakuwa na kosa. Asidi hiyo pia huumiza seli, basi omba ibadilishwe kwa asetati au kloridi.

Hatua ya saba: kiwango cha chini cha kuzuia

Kiwango hiki ndicho maabara zote hukiita MIC. Weka mchuzi wa Mueller-Hinton, chakula cha kuoteshea bakteria, kwenye sahani ya visima 96, punguza peptidi nusu kwa nusu kutoka kisima hadi kisima, tia bakteria hai 500,000 kwa mililita, subiri saa 16 hadi 20. Kisima chenye peptidi kidogo kuliko vyote ambacho maji yake bado ni maangavu ndicho jibu. Fanya mara tatu, siku tofauti, kwa kila jina la kushoto na la kulia. Bakteria hawa washughulikiwe kwenye maabara yenye kabati la usalama, kwa vibali vya maadili na utafiti vinavyotakiwa.

Nilipoanza kazi hii nilipoteza miezi mitatu kwa sababu ya plastiki. Nilitumia sahani za kawaida za polistireni, zile zinazong'aa. Peptidi yenye chaji chanya hujishika kwenye kuta zake, na dawa iliyokuwa inaua kwa mikrogramu 4 ikaonekana inahitaji 32. Niliitupa, na ilikuwa nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Tumia polipropilini, na uiyeyushe peptidi kwenye asidi ya asetiki ya asilimia 0.01 yenye albumini ya ng'ombe asilimia 0.2.

Jambo jingine ni la huku kwetu. Maji ya ziwa yana chumvi chache. Chumvi hufunika chaji, hivyo peptidi inaweza kung'ara kwenye maji ya kizimba na kufifia ndani ya damu ya samaki. Pima kwenye hali zote mbili.

Kisha gawanya: MIC ya wa kubaki kwa MIC ya wa kufa. Tuseme Bacillus ni 64 na Aeromonas ni 4, uwiano ni 16. Kwa kuwa sahani yenyewe huweza kukosea hatua moja juu au chini, uwiano wa 2 au 4 si ushahidi wa lolote. Mimi chini ya 16 siendelei.

Hatua ya nane: damu

Toa damu kwa sato mzima, tumia heparini isigande, osha chembe mara tatu kwa maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti. Changanya na peptidi kwa saa moja, nyuzi 28 kwa damu ya samaki, 37 kwa ya binadamu. Kisima cha bafa tupu ni asilimia sifuri ya kupasuka, cha Triton X-100, sabuni inayopasua chembe zote, ni mia. Soma wekundu kwenye mwanga wa nanomita 540.

Chembe nyekundu za samaki zina kiini, tofauti na zetu. Zikipasuka, DNA inamwagika na kufanya ute kama mlenda chini ya kisima, na ute huo ukinyonywa na pipeti unaharibu usomaji. Zungusha kwenye mashinepewa (sentrifuji) mpaka utulie, uchukue maji ya juu tu, taratibu.

Hatua ya tisa: wote chungu kimoja

Hadi hapa kila bakteria alipimwa peke yake, na utumboni hawaishi hivyo. Tia Aeromonas na Bacillus kwenye chupa moja kwa idadi sawa, ongeza peptidi kwa kiwango mara mbili ya MIC ya Aeromonas, uwahesabu baada ya saa 1, 4 na 24. Kuwatenganisha si vigumu: Aeromonas kwa kawaida ni sugu kwa ampisilini, kwa hiyo kwenye agari yenye ampisilini ndiye ataota, kwenye agari tupu utawaona wote, na makundi makavu yaliyokunjamana ni ya Bacillus. Hakikisha kwanza kwamba Bacillus wako hawahimili ampisilini.

Kuna siku uwiano wa sahani unakuwa mzuri na chupa inakataa. Bakteria mmoja huweza kuinyonya peptidi yote kabla ya mwenzake kuiona, au vimeng'enya vya Bacillus vikaikata. Iamini chupa.

Hatua ya kumi: kioo, kisha usugu

Kuhakikisha kwamba peptidi inapita mlango uliokusudia, agiza nakala yake ya kioo, yaani iliyojengwa kwa asidi amino za D badala ya L. Magainini ya D iliua sawa na ya L, kwa sababu utando haujali kushoto wala kulia. Apidesini ya D ilipoteza nguvu, kwa sababu ina mahali maalumu pa kukaa. Kama ulibuni peptidi ya mlango wa SbmA na nakala ya D inaua vilevile, basi unapasua utando na hesabu zako za uchaguzi zimetokea kwa bahati.

Mwisho, wafundishe bakteria kukukimbia kabla hawajajifunza wenyewe ziwani. Kila siku chukua walioota kwenye kisima cha nusu ya MIC, uwahamishie sahani mpya, kwa siku 30. Andika MIC ya kila siku. Wa siku ya kwanza na wa siku ya 30 wagandishe pamoja kwa nyuzi −80, chupa mbilimbili kwa sababu ya umeme wetu, upeleke jinomu zao zisomwe bega kwa bega. Ukikuta jeni ya sbmA imekatika, rudi hatua ya pili uongeze mlango mwingine kwenye mnyororo huohuo.